Kishada Hufungwa, Hakibandikwi

Kosa halikuwa kwenye sindano. Lilitokea sindano ilipokwisha wekwa chini: fundi alipofika ncha ya chini ya pambo, akakata kigwe, akazikutanisha ncha zake mbili, akadondosha gundi ya moto na kubandika kishada juu yake. Udarizi wa siku nyingi ukakabidhiwa tone la gundi. Nazungumzia mapambo ya Krismasi kutoka Muleba yaliyotundikwa mjini Bukoba, yenye nyumba ya msonge mbele na kitenge nyuma. Kwa mbali yanapendeza. Ukiyashika, kishada kinabaki mkononi.

Tuutazame uamuzi huo. Kigwe cha nyuzi mbili hukaa imara kwa sababu kila uzi umesokotwa upande mmoja, kisha zote mbili zikajisokota pamoja kwa upande wa pili. Zinavutana, na kuvutana huko ndiko nguvu yake. Ukikata kabla ya kuizungushia ncha uzi na kuikaza, nyuzi zinaachana na kigwe kinafumuka kuelekea juu. Na fundi akakata wapi? Chini kabisa, mahali ambapo uzito wote wa kishada unavuta. Sehemu dhaifu kuliko zote ndiyo aliyoitwisha mzigo.

Mahali pa kiungo ni juu. Kigwe huanzia kileleni, ncha yake ikiwa imezamishwa katika mshono kati ya turubai la mbele na kitenge cha nyuma. Huzunguka pambo lote bila kukatwa, kikirudi kileleni hupindwa kuwa kitanzi cha kutundikia, na ncha ya pili huzama katika mshono uleule. Kishada nacho hufungwa kwa uzi wake chenyewe, ule uliokaza kichwa chake: hupenyezwa ndani ya pambo na kupigwa fundo kabla pamba haijajazwa. Hapo anayevuta kishada anavuta pambo zima.

Gundi nimeipinga kwa miaka na nitaendelea kuipinga. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kigwe cha pamba kikinywa unyevu huvimba na kufupika, kikikauka hulegea. Gundi iliyoganda haikifuati, na msimu mmoja wa masika unatosha kuvitenganisha. Mshono wa mkono hupita katika bonde la msokoto, hauonekani, na hujongea pamoja na kigwe. Wanaosema gundi inaokoa muda wahesabu na muda wa kurudishiwa kazi.

Udarizi wenyewe ni safi: mishono imelala upande mmoja, turubai halijapinda, na wekundu wa buni mbivu umekaa vizuri.

Lakini kwa nini mafundi walitumia kigwe cha nailoni cha dukani? Kagera haikosi mikono ya kusokota. Bibi zetu walisokota kamba pajani, na kanuni ni ileile. Chukua uzi uleule wa kudarizia, upime mara tatu ya urefu unaoutaka, usokote hadi ujikunje wenyewe, ukunje katikati na uuachie. Unapata kigwe chenye rangi ya pambo, na masalio yake yanatosha kishada.

Wazee wetu walijua kwamba kishada hufungwa, hakibandikwi. Tazameni ngao ya kardinali, heshima aliyoipata Laurean Rugambwa mwaka 1960, yeye aliyekuwa askofu wa Rutabo, hapo hapo Muleba, kabla ya kukabidhiwa Bukoba. Vishada ni 30, 15 kila upande, kwa safu tano, kimoja juu na vitano chini, na vyote vinaning'inia kwenye vigwe vinavyoshuka kutoka kofia moja. Hakuna kinachoelea. Mshipi wa alba wa padre unafuata mpango huohuo, na kishada cha kanzu ya Kiomani, ambacho wenyewe hukitia manukato, kimeshonwa kwenye kola. Waliotushonea vitambaa vya altare hawakuwa na gundi ya moto, na kazi zao zimefuliwa na kupigwa pasi miaka mingi bila kupoteza tamvua.

Mafundi hawa wa Muleba wana uwezo wa kuwafikia wazee hao. Wavifumue vishada vyote vilivyobaki, wavifunge upya kabla ya Desemba, na wewe mnunuzi uvute kila kimoja kabla hujatoa pesa.