Moteri Ngeni, Kinu cha Zamani

Kwa miaka mingi, mtu wa Butembo aliyenunua kinu cha umeme alinunua nusu ya mashine. Nusu ya pili, yaani nguvu ya kukizungusha, ilimbidi aitafute mwenyewe. Mji huu wa milimani katika Kivu ya Kaskazini umejengwa na biashara. Wafanyabiashara wake walifika Dubai na Guangzhou, na makontena yao yakapanda kutoka Mombasa, yakapita Kampala, yakaingilia mpaka wa Kasindi. Bidhaa zilifika, nyaya za umeme wa serikali hazikufika. Wafanyabiashara hao hao waliunda kampuni, SENOKI, ili wajiletee umeme wenyewe, lakini muhogo ukishakauka haungoji bwawa lijengwe. Ndipo alipoitwa fundi wa kung'oa mota ya umeme na kufunga moteri ya mazutu, yaani injini ya dizeli, mahali pake.

Kwa mpita njia, kazi hiyo ni ya bolti nne na mkanda. Moteri inayotumika sana katika vinu vya Afrika Mashariki na Kati ni ile ya Kichina ya silinda moja aina ya S195: nguvu za farasi 12, mizunguko 2,000 kwa dakika, na tangi la maji lililo wazi juu yake, ambamo maji huchemka na kutoa mvuke huku yakiipoza. Haina vifaa vya elektroniki. Huwashwa kwa hendeli, na mwenye mkono mwepesi huona cha moto.

Ugumu uko kati ya moteri na kinu. Fundi hapa ni kama mshenga: anakutanisha pande mbili zisizojuana, na ndoa ikivunjika yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Hesabu ya kwanza ni ya puli. Tuseme kinu cha nyundo kinataka mizunguko 3,000 kwa dakika, na puli yake ina kipenyo cha milimita 160. Mota ya umeme ya mizunguko 1,450 ilikuwa ikikizungusha kwa puli ya milimita 330 hivi. Fundi mvivu ataihamishia puli hiyo kwenye moteri ya mazutu, kwa kuwa ipo na ni bure. Kinu kitaruka hadi mizunguko zaidi ya 4,100, beringi zitaungua, na nyundo moja ikichomoka itatoboa bati la mfuniko na kumtafuta mtu. Fundi mzuri hutafuta puli ya milimita 240, na asipoipata sokoni huichongesha.

Hesabu ya pili haiandikwi popote. Mota ya umeme ina nguvu tangu inapoanza kuzunguka, kwa hiyo mwenye kinu alizoea kubonyeza swichi na kuendelea na mazungumzo. Moteri ya silinda moja haina nguvu mpaka ishike mwendo, na ikibebeshwa kinu mapema huzimika. Kwa hiyo fundi huiweka kwenye reli inayoteleza, au hufunga kiroli cha kukaza mkanda chenye mkono wa chuma. Moteri huwaka mkanda ukiwa umelegea, hushika mwendo, kisha mkanda hukazwa. Muhogo hutiwa mwisho kabisa.

Tena kuna mtetemo. Pistoni moja husukuma mara moja tu katika kila mizunguko miwili, na gurudumu zito la chuma ndilo linalofunika pengo hilo. Msingi wa zege usiposhika vizuri, moteri hutembea kidogo kidogo, mkanda hukaa upande, na katika wiki chache huanza kuchanika nyuzi. Kamba iliyovutwa kutoka puli hadi puli huonyesha kosa hilo mapema. Moshi nao hupelekwa nje kwa bomba, kwa sababu ndani ya kibanda kuna watu wanaongoja unga wao.

Halafu kuna mlima wenyewe. Butembo iko juu ya mita 1,700. Beni, mwendo wa kilomita zipatazo 50 kuelekea kaskazini, iko kwenye mita 1,100 hivi. Moteri isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Farasi 12 za kiwandani hubaki kama kumi Butembo, na karibu kumi na moja Beni. Mteja akilalamika kwamba moteri ya ndugu yake wa Beni inasaga haraka zaidi, huenda anasema kweli, na fundi hana la kufungua wala kukaza.

Marekani kuna watu wanaofanya kazi ya namna hiyo kwa burudani, kwenye vigari vya gofu. Betri za risasi zikichoka, na ni ghali, huzitoa pamoja na mota na kufunga injini ndogo ya petroli. Hapo hugundua kwamba kigari hakirudi nyuma tena. Awali umeme uligeuzwa tu, na mota ikazunguka kinyume. Injini ya petroli huzunguka upande mmoja, hivyo inalazimu kutafuta giaboksi yenye gia ya kurudi nyuma. Fundi wa vinu analijua tatizo hilo kwa sura nyingine: baadhi ya vinu vina upande maalumu wa kuzunguka, na mkanda wenye umbo la V haukunjwi msalaba kama ule bapa wa zamani. Inabidi kuigeuza moteri yenyewe itazame upande wa pili.

Siku hizi kazi imeanza kuja kwa mkondo wa kinyume. Mwaka 2013 kituo kidogo cha umeme wa maji kilianza kufanya kazi Mutwanga, chini ya Rwenzori, katika eneo la Beni. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa 2017 na sasa inaitwa Roam, ilijulikana kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya safari na kufunga mota za umeme. Kwa mwenye kinu anayefikiwa na waya, faida iko wazi: mazutu yanayopitia Kasindi hupanda bei kila barabara inapofungwa, na katika eneo ambalo tangu 2014 limeandamwa na mauaji, barabara hufungwa mara nyingi.

Hata hivyo fundi mwenye busara hamshauri mteja wake auze moteri ya zamani. Humfungia puli mbili kwenye shafti ya kinu, moja kwa mota na moja kwa moteri, kila moja na msingi wake. Kisha humwonyesha, kwa mikono, jinsi ya kuuvua kabisa mkanda mmoja kabla ya kuvalisha mwingine, na humtaka afanye mwenyewe mara kadhaa mbele yake kabla ya kupokea malipo.