Udongo Mmoja, Rangi Mbili

Mtu akiuona kwa mara ya kwanza mtungi wa Athens wa karne ya 6 KK, wenye watu weusi wanaong'aa juu ya ngozi nyekundu ya chombo, hudhani fundi alikuwa na rangi mbili pembeni yake. Hakuwa nazo. Weusi ule na wekundu ule ni udongo uleule mmoja, uliochujwa kwa viwango viwili na kupitishwa katika moto mmoja. Sijui kazi nyingine ya mikono ya zama zile inayonistaajabisha kuliko hii.

Attica, nchi iliyouzunguka mji wa Athens, haikuwa nchi ya neema. Milima ya Parnes, Pentelikon na Hymettos imeuzingira uwanda wake, mvua ni kama milimita 400 kwa mwaka, na mahali pengi mwamba unatokeza juu ya udongo mwembamba. Shayiri ilikubali kwa taabu, ngano kwa taabu zaidi. Uliostawi ni mzeituni, ambao mizizi yake hujipenyeza hata kwenye nyufa za mawe. Solon, mtunga sheria wa mwanzoni mwa karne hiyo ya 6, alikataza mazao ya shamba yasiuzwe ng'ambo, akaruhusu mafuta ya zeituni peke yake. Lakini nchi hiyohiyo iliyonyimwa nafaka ilikuwa na udongo wa mfinyanzi uliojaa madini ya chuma, na bahari ilikuwa mlangoni. Waandishi wa kale waliusifu hasa udongo wa Rasi ya Kolias, pwani ya karibu na mji.

Wakorintho ndio waliotangulia. Mji wao ulikaa kwenye shingo ya ardhi kati ya bahari mbili, una bandari huku na huku, na vyombo vyao vilikuwa vimeenea masokoni kabla ya vya Athens kujulikana. Hata mtindo wa kuchora watu kwa weusi na kuwachanja kwa ncha kali ulianzia kwao, katika karne ya 7 KK. Ila udongo wa Corinth hutoka tanurini ukiwa umepauka, wa Attica hutoka na wekundu wa joto. Weusi ukikaa juu ya wekundu huo unasimama vizuri zaidi, na kwa macho yangu hapo ndipo mwanafunzi alipompita mwalimu.

Mafundi wa Athens walikaa kaskazini-magharibi mwa mji, kando ya kijito cha Eridanos, katika mtaa wa Kerameikos. Kazi ilianza na maji. Udongo uliloweshwa na kukorogwa, changarawe na mchanga vikazama, kilichoelea kikahamishiwa birika jingine, kikaachwa kituame, kikachujwa tena. Kwa kufinyanga, hatua chache zilitosha. Kwa kuchorea, fundi aliendelea kuchuja mpaka akabaki na chembe laini kupita zote, akaacha maji yapungue hadi zikawa rojo zito la kahawia. Rojo hilo ndilo wino wake.

Mtungi mkubwa haukuinuliwa kwa mkupuo mmoja. Kijana aliketi akizungusha gurudumu kwa mikono huku fundi akilivuta tumbo la chombo kwenda juu. Shingo na mguu vilifinyangwa mbali, vikaunganishwa na tumbo baada ya kukauka nusu, kisha chombo kikarudishwa gurudumuni kikwanguliwe mpaka kuta zilingane. Mikono ya kushikia ilikuja mwisho. Ndipo mchoraji akaanza, na nikifikiria kazi yake naona ugumu wake ulivyokuwa: rojo lile likishakauka karibu linafanana na udongo uliolibeba. Alichora kahawia juu ya kahawia, huku akilini akiona weusi na wekundu ambao haujakuwapo bado.

Mtazame Exekias, mmoja wa mafundi hao. Mtungi wake maarufu, wenye kimo cha kama sentimita 61, uko leo katika makumbusho ya Vatican. Achilles na Ajax wameketi wakitazamana, wamevaa silaha, wameinamia mchezo wa dado katikati ya vita vya Troy. Achilles bado ana kofia ya chuma kichwani. Ya Ajax imewekwa juu ya ngao nyuma yake. Mbele ya vinywa vyao yameandikwa maneno wanayoyatamka: Achilles anasema nne, Ajax anasema tatu. Mashujaa wawili wakubwa wa jeshi la Wagiriki, na anayeshindwa mchezo anajulikana. Sogea zaidi uyaangalie majoho yao. Kila nyota, kila pindo, kila unywele wa ndevu umechanjwa kwa ncha kali kupita rojo hadi udongo wa chini. Mkono ukiteleza hapo, mchanjo haufutiki. Na Exekias aliandika kwamba yeye ndiye aliyeufinyanga na yeye ndiye aliyeuchora.

Kisha vyote hivyo vikakabidhiwa moto, na hapa ningependa twende polepole. Kwanza matundu ya tanuri yaliachwa wazi, kuni kavu zikawaka vizuri, joto likapanda hadi karibu nyuzi 800. Chuma ndani ya udongo kikajitwalia oksijeni, kila kitu kikawa chekundu, mchoro na chombo pamoja. Halafu fundi akaziba matundu na kutupia kuni mbichi. Moto uliokosa hewa ukaanza kuunyang'anya udongo wenyewe oksijeni yake, joto likafika kama nyuzi 950, na chombo kizima kikawa cheusi. Weusi huu si masizi, kama yale yanayobaki kwenye chungu kilichochomwa kwa majani uwanjani. Ni chuma kilichobadilika hali. Katika joto hilo chembe laini za rojo zilishikana na kujifunga kama kioo, lakini chembe nene za chombo zilibaki na vinyweleo. Mwishowe matundu yakafunguliwa joto likiwa linashuka. Hewa ikaingia katika vinyweleo, chombo kikarudia wekundu. Mchoro, uliokwisha kujifunga, haukuipokea hewa hiyo, ukabaki mweusi.

Joto likipungua katika hatua ya pili, rojo halijifungi na picha inarudi kuwa nyekundu. Likizidi, chombo chote kinajifunga na kubaki cheusi. Fundi hakuwa na kipimajoto. Alisoma rangi ya moto kwa macho, na alikuwa na vigae vya majaribio: vipande vilivyopakwa rojo na kutobolewa tundu, vilivyovutwa nje kwa ndoano wakati tanuri likiwaka ili aone kazi imefikia wapi. Vigae vya namna hiyo vimechimbuliwa Athens na Corinth. Ujuzi huu ulipotea kabisa, na wasomi walihangaika nao hadi mwaka 1942, mkemia Mjerumani Theodor Schumann alipoonyesha jinsi weusi ule unavyopatikana. Mafundi wa Kerameikos walikuwa wameujua kwa kurithishana, na karibu na mwaka 520 KK walikuwa wameumudu kiasi cha kuugeuza: wakapaka weusi nyuma, wakaacha watu wawe wekundu.

Mtungi wa Exekias haukupatikana Ugiriki. Ulichimbuliwa Vulci, Italia, katika nchi ya Waetruria, waliovinunua vyombo hivi kwa wingi na kuzika wafu wao navyo. Baadhi ya vyombo vilivyotoka katika makaburi yao vilivunjika zamani zilezile, vikatobolewa vitundu kandokando ya ufa na kubanwa kwa vipini vya shaba nyeusi au risasi. Kuna mtu, mbali na Athens, aliyeona chombo kilichovunjika bado kinastahili kulipiwa fundi mwingine.