Hiyo ‘r’ iliyojificha katika ‘mātā’

HUSEMWA mara nyingi kwamba ‘mama’ la Kiswahili limetokana na ‘mātā’ la Kisanskriti, eti kwa kuwa yote yana ‘ma’. Hoja hii ni nyepesi mno.

‘Mātā’ ni umbo la kiima tu, tena katika umoja. Shina lenyewe ni ‘mātṛ’, na hiyo ‘r’ ndiyo yenye habari. Nomino ya Kisanskriti hubadilika kulingana na dhima yake katika sentensi. Mama akiwa shamirisho kipozi huwa ‘mātaram’. Akiwa kitondo, ‘mātre’. Akimiliki kitu, ‘mātuḥ’. Anayekariri ‘mātā’ pekee ataliweka kundi moja na ‘senā’ (jeshi), maana yote ni ya jinsia ya kike na yanaishia kwa ‘ā’. Wapi! Kipozi cha ‘senā’ ni ‘senām’, hakina ‘r’ hata kidogo. Jamaa halisi wa ‘mātṛ’ ni ‘pitṛ’ (baba), ‘bhrātṛ’ (kaka) na ‘duhitṛ’ (binti).

Wapo pia wanaolitoa katika mzizi ‘mā’, yaani kupima, kwa kuwa ‘tṛ’ huunda majina ya watendaji. Kwao mama ni ‘mpimaji’. Inapendeza, ila sarufi haiwaungi mkono: kipozi cha ‘dātṛ’ (mtoaji) ni ‘dātāram’, kwa ‘ā’ ndefu, ilhali cha mama ni ‘mātaram’, kwa ‘a’ fupi, sawa na ‘pitaram’ la baba.

Kiishio hicho cha ujamaa ndicho kinacholiunganisha ‘mātṛ’ na ‘mater’ la Kilatini, ‘mētēr’ la Kigiriki na ‘mādar’ la Kiajemi. William Jones alipotangaza udugu wa lugha hizi kule Calcutta mwaka 1786, alitaja mizizi ya vitenzi na maumbo ya sarufi, si mlio wa neno mojamoja.

Na hiyo ‘ma’ je? Roman Jakobson alishaeleza mwaka 1960: ni sauti ya midomo, nyepesi kwa mtoto anyonyaye, na watu wazima wa kila pembe ya dunia huipa maana ya mzazi. Kiswahili hakikuhitaji kukopa India kitu ambacho kila mtoto huja nacho.

Tena, ukitaka kuona jinsi mlio unavyopotosha, nenda Ngara umuulize mzungumzaji wa Kigujarati ‘māmā’ ni nani. Atakuonyesha mjomba wake.