Miungu Wenye Masharti: Jinsi Mbingu za Dragon Ball Zilivyojengwa

Katika filamu ya Dragon Ball Z: Battle of Gods, iliyotoka Japani Machi 2013, Son Goku anasimama mbele ya paka mwembamba aliyevaa mavazi yanayokumbusha Misri ya kale. Anapandisha nguvu zake hadi hatua ya tatu ya Super Saiyan, nywele zinafika kiunoni, ardhi inatetemeka. Halafu anaangushwa kwa mapigo mawili, na mojawapo ni la kidole tu. Paka huyo ni Beerus, mungu wa maangamizi, na aliyemwamsha usingizini ni ndoto ya mpinzani ambaye hajawahi kukutana naye.

Mtazamaji aliyemfuata Goku tangu utotoni alikuwa na kila sababu ya kugoma. Huyu ndiye aliyemshinda mtawala katili Frieza na aliyemmaliza Buu mwovu. Iweje sasa aje mtu asiyewahi kutajwa hata siku moja na kumchezea namna hiyo? Lakini mashabiki walimpokea Beerus, na mimi naona walimpokea kwa sababu nafasi yake ilikuwa imeandaliwa miaka mingi kabla hajachorwa. Marehemu Akira Toriyama alikuwa na njia yake ya kuumba miungu. Kila mungu alimpa cheo, na kila cheo akakipa sharti. Cheo kinamweka juu ya wapiganaji, na sharti linamzuia asiwanyang'anye hadithi yao.

Mzizi wa cheo unajulikana. Toriyama alipoanza Dragon Ball mwaka 1984 katika jarida la Weekly Shonen Jump, aliichota kutoka Safari ya Magharibi, riwaya ya Kichina ya karne ya 16, na jina Son Goku ni lile lile la nyani Sun Wukong likisomwa kwa Kijapani. Katika riwaya hiyo mbingu ni serikali kamili: kuna mfalme, kuna mawaziri, kuna makarani. Sun Wukong anapopewa kazi ya kutunza farasi wa mbinguni, anagundua kwamba ni cheo cha chini na anafanya fujo. Toriyama aliichukua serikali hiyo na kuileta kwa ucheshi wake. Enma, hakimu wa wafu katika imani ya Kibuddha, anakaa nyuma ya meza kubwa akipanga roho kama afisa mwenye foleni isiyokwisha. Kaio wa Kaskazini, mlinzi wa robo ya ulimwengu, ni mzee mnene wa utani anayeishi na nyani kwenye sayari ndogo kuliko uwanja wa kijiji, ambako mvutano ni mara kumi ya ule wa Dunia.

Ila Goku anatofautiana na nyani yule mahali muhimu kuliko pote. Baada ya Goku kumshinda Piccolo katika mashindano ya 23 ya Tenkaichi Budokai, Mungu wa Dunia anampa kiti chake: chukua wewe, uwe mungu. Goku anakataa papo hapo na kuruka na Chi-Chi juu ya wingu lake. Sun Wukong alipigania cheo. Goku anapewa na anakikimbia. Toriyama alikuwa akichora wiki kwa wiki, na alisema mwenyewe kwamba hakuwa akipanga mbali, lakini uamuzi huo ulibeba miaka yote iliyofuata. Shujaa angekalia kiti, njia ya kupanda ingekuwa imeishia pale. Alipokikataa, kila mungu aliyekuja baadaye akawa mwalimu au kipimo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kikomo.

Njia yenyewe ya kupanda Toriyama aliichora waziwazi. Mnara wa Karin unapanda hadi mawinguni, na juu yake linaelea jumba la Mungu. Kinachounganisha viwili hivyo ni Nyoibo, fimbo inayorefuka ambayo Goku aliibeba mgongoni tangu alipokuwa mtoto wa msituni anapigana na samaki na dubu. Msomaji alidhani ni silaha ya kurithi tu kutoka kwa babu. Kumbe ilikuwa ufunguo wa mbinguni. Baadaye inakuja Njia ya Nyoka, kilomita milioni moja, na mwisho wake yuko Kaio. Mafunzo katika Dragon Ball ni safari ya kwenda juu kwa miguu, na hiyo inamfanya mtazamaji auhisi umbali uliopo baina ya ngazi na ngazi bila kuelezwa kwa hotuba.

Sasa sharti. La kwanza ndilo bora kuliko yote yaliyofuata. Mungu wa Dunia na Piccolo Daimao walikuwa mtu mmoja. Ili apate cheo, alilitoa ovu lake likawa kiumbe peke yake, na tangu hapo uhai wao umefungwa pamoja, kifungo kilichorithiwa na Piccolo, mwana wa Daimao. Akifa mmoja, mwingine anafuata. Kwa hiyo mungu hawezi kumuua adui yake mkubwa bila kujiua, na hapo nafasi ya Goku inafunguka yenyewe, bila kulazimishwa. Mungu anapojaribu kwa njia nyingine, akiingia ulingoni ndani ya mwili wa binadamu ili amfungie Piccolo kwenye chupa, mbinu inamgeukia. Anafungiwa yeye, na Piccolo anaimeza ile chupa. Ni mungu mwenye aibu na hofu, na hadithi haimdharau hata kidogo kwa hilo.

Tazama sharti hilo linavyofanya kazi mara ya pili. Nappa, mvamizi kutoka angani, anapomrushia Gohan, mwana wa Goku, shambulio, Piccolo, ambaye sasa ni mwalimu wa mtoto huyo, anajiweka mbele na kufa. Mungu wa Dunia anakufa naye. Kwa kuwa yeye ndiye aliyetengeneza ile mipira saba ya joka inayoweza kufufua wafu, nayo inakoma. Marafiki waliokufa hawawezi kufufuliwa, na ndipo inabidi waende sayari ya Namek, anakosubiri Frieza. Kisa kizima cha Namek, kile ambacho wengi wetu tunakiona kilele cha Dragon Ball Z, kimening'inia kwenye kanuni moja iliyowekwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Kanuni ya aina hiyo inamlipa mwandishi mara mbili. Hii ilimlipa hata mara ya tatu, pale Mungu alipokiacha kiti na kuungana tena na Piccolo kwa ajili ya vita, na Dende, mtoto wa Namek, akaletwa kushika nafasi.

Jambo la pili la kiufundi ni vipimo. Raditz, kaka wa Goku, alikuja na kifaa cha kupimia nguvu kinachovaliwa jichoni, na tangu hapo nguvu ikawa tarakimu: mkulima mwenye bunduki ana 5, Frieza anatangaza mwenyewe 530,000. Kwa muda mfupi kifaa hicho kilikuwa dawa nzuri, kwa sababu kilimwonyesha mtazamaji hatari kabla ngumi haijarushwa. Halafu kikageuka mtego, kwani tarakimu haina pa kwenda isipokuwa kuongeza sifuri. Toriyama akaanza kuvipasua usoni mwa waliovivaa, na baada ya Namek hesabu zikafifia. Kilichobaki ni hisia: wapiganaji wanafumba macho na kuipokea ki, yaani nguvu ya ndani, ya mtu kutoka upande wa pili wa Dunia. Beerus alipokuja, hata hisia hiyo ikaondolewa. Ki ya kimungu haihisiki kwa mwenye kufa. Goku anasimama mbele yake na hapati chochote, kama kisima kisicho na mwangwi. Kwa kanuni hiyo moja Toriyama alikwepa kuandika namba yoyote na bado akaweka pengo kubwa kuliko yote ya zamani.

Pengo hilo kwanza tunalisoma kwa Vegeta. Mwanamfalme wa Wasaiyan, jamii ya Goku mwenyewe, mwenye kiburi kuliko wote, anaimba na kucheza kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mkewe Bulma ili mgeni asikasirike. Aliyemjua Vegeta kwa miaka mingi hakuhitaji maelezo zaidi. Sherehe yenyewe inaharibika kwa sababu Buu mwema, aliyebaki hai, amekataa kugawa vikombe vya pudingi, na Dunia nzima inakaribia kuangamizwa kwa kitamutamu. Wapo wanaolalamika kwamba sababu hiyo ni ndogo mno. Mimi naiona kuwa sahihi: mungu wa maangamizi anayehitaji sababu kubwa angekuwa mwovu kama Frieza, na Toriyama hakutaka mwovu. Alitaka mwenye mamlaka ambaye hasira yake ni sehemu ya kazi.

Umbo nalo linasema. Beerus alichorwa kwa kumtazama paka wa Toriyama mwenyewe, wa jamii ya Cornish Rex, mwembamba mwenye masikio makubwa. Mwalimu wake Whis ni mrefu, laini, mpenda chakula. Zeno, mfalme wa vyote, ni mfupi kama mtoto wa chekechea. Si mara ya kwanza nguvu kukaa katika umbo jepesi: Frieza aliwahi kupitia maumbo ya kutisha ili afikie umbo la mwisho, dogo lisilo na pembe. Hata Super Saiyan God, ambayo Goku anaipata kwa Wasaiyan watano wema kummiminia nguvu zao, inamfanya awe mwembamba zaidi. Na hata akiwa nayo, anashindwa. Filamu inamwacha shujaa ameshindwa na Dunia ikiwa salama, huku Beerus akitaja kwamba Whis anamzidi nguvu na kwamba kuna malimwengu kumi na mawili. Sentensi chache, na mbingu zikapanuka kwa miaka mitano iliyofuata.

Katika Dragon Ball Super, iliyorushwa kwa vipindi 131 kuanzia Julai 2015 hadi Machi 2018, lile sharti la zamani linarudi. Mungu wa maangamizi na Kaioshin, mungu wa uumbaji, wamefungwa uhai. Akifa Kaioshin, mwangamizi naye hayupo. Ni Mungu wa Dunia na Piccolo tena, safari hii wakiwa wameinuliwa hadi ngazi ya ulimwengu mzima. Shin, Kaioshin wetu, ni dhaifu, na udhaifu wake ndio unaombana Beerus. Zamasu, mwanafunzi wa Kaioshin wa Ulimwengu wa 10, anaielewa kanuni hiyo kuliko yeyote. Katika wakati ujao anakotoka Trunks, mwana wa Vegeta, anawaua Makaioshin na hivyo kuwafuta waangamizi bila kupigana nao. Adui anayesoma sheria za mbingu na kuzitumia dhidi ya wenyewe ni adui aliyeandikwa vizuri.

Kisha kisa hicho hicho kinaanguka. Zamasu anakuwa hawezekani, Goku anabonyeza kitufe cha kumwita Zeno, na Zeno anaufuta ule wakati wote: adui, mbingu na ulimwengu aliozaliwa Trunks. Naumia kila nikikitazama kipindi hicho. Trunks alipigana mpaka tone la mwisho, na ushindi wake ukanyang'anywa na mtoto asiyejua alichofanya. Tatizo ni la kiufundi. Zeno ana cheo kikubwa kuliko wote na hana sharti lolote, na mungu wa namna hiyo akiguswa tu, hadithi inaisha. Malaika kama Whis wana nguvu za kutisha pia, lakini hawaruhusiwi kuegemea upande katika vita. Katika manga iliyochorwa na Toyotarou, malaika Merus anaivunja sheria hiyo na kutoweka mbele ya macho ya Goku, na kifo chake kinauma kwa sababu tulijua bei mapema.

Waandishi walilirekebisha kosa la Zeno kwa kumtoa ulingoni na kumweka kwenye viti vya watazamaji. Katika Mashindano ya Nguvu, malimwengu manane yanaleta wapiganaji kumi kila moja, dakika 48, na ulimwengu utakaobaki bila mtu unafutwa. Hofu inatoka kwa Zeno, ila matokeo yako mikononi mwa wapiganaji. Zaidi ya hapo, kuua hakuruhusiwi, kuruka angani hakuruhusiwi, na anayedondoka nje ya jukwaa ametoka. Hiyo ni kanuni ya Tenkaichi Budokai, ile iliyomnyima Goku ushindi dhidi ya Tenshinhan kwa sababu aligonga gari wakati anaanguka na kugusa chini kwanza. Watu wanaoweza kuvunja sayari hawawezi kulinganishwa kwa nguvu tena. Ukingo wa jukwaa unawalinganisha. Ndiyo maana mzee Kame Sennin, mwalimu wa Goku wa utotoni, anapata nafasi ya kweli pale, na ndiyo maana Jiren, aliyemzidi hata mwangamizi wa ulimwengu wake, anatolewa kwa Goku na Frieza, aliyerudishwa kutoka kwa wafu kwa ajili ya mashindano haya, kujitupa naye. Anayebaki amesimama ni Namba 17, mlinzi wa wanyama kisiwani, mtu ambaye hakuna mungu aliyewahi kumpa cheo.

Anime ilipungukiwa kwa waangamizi wengine. Wamechorwa kwa rangi na maumbo ya kuvutia, kisha wengi wao wakakalishwa kwenye viti kushangilia na kununa. Manga ya Toyotarou ilifanya vyema zaidi: kabla ya mashindano, miungu wa maangamizi wenyewe wanaambiwa wapigane wote kwa pamoja mbele ya Zeno. Kwa kurasa hizo chache tunaona mitindo yao, nani anashirikiana na nani, nani ana kinyongo cha zamani na Beerus, na jinsi Beerus anavyowakwepa wengi kwa mwili uliolegea kabisa. Goku yuko pembeni anatazama, na mtazamaji wa anime hakupewa kurasa hizo.