Ng'ombe Asiyetoka

Usiku wa tarehe 6 Agosti 2025, Taifa Stars ilipocheza na Mauritania kwenye mashindano ya CHAN, nilikuwa Wete, nimebanwa kwenye benchi la mbao katika banda la mpira lililojaa mpaka mlangoni. Dakika ya 80 ilifika, ikapita, na bado ilikuwa sifuri kwa sifuri. Kila mpira ulipomfikia winga wetu, banda zima lilisimama na kupiga kelele: "Mpige chenga! Mpige chenga!" Winga akipiga chenga ya kwanza, anakutana na mtu wa pili, akimpita huyo, yupo wa tatu. Mpira unarudi nyuma na sisi tunakaa.

Dakika ya 89 Shomari Kapombe, beki wa kulia, alitokea ndani ya kumi na nane akaunganisha krosi. Bao. Nilikumbatiwa na mtu ambaye mpaka leo simjui jina. Tulipotulia, mzee mmoja aliyekaa nyuma, aliyekuwa hajasema neno tangu mpira uanze, akauliza: "Hebu nambieni, wanangu. Yule wa kumkaba Kapombe alikuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Sote tulikuwa tunautazama mpira.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiamini kwamba uchambuzi wetu wa soka, wa redioni, wa magazetini na wa barazani, unashindwa palepale tuliposhindwa sisi. Timu ikikutana na wapinzani waliopaki basi, tunauliza nani atafunga, au nani ana chenga. Swali la mzee linakwenda kwingine: nani alimfanya beki aondoke mahali pake?

Sisi wa Pemba tusingehitaji kufundishwa swali hilo. Tuna mchezo wa ng'ombe. Aliyewahi kwenda kuutazama anajua kwamba dume linalokimbia huku na huku halimtishi mchezaji hodari. Huyo ndiye ng'ombe wa kuchezeka. Tabu ni dume lililosimama. Limeweka miguu, limeinamisha kichwa, halitoki. Ukilifuata lilipo, umelitafuta balaa mwenyewe. Kwa hiyo mchezaji hulisogelea kidogo, huonyesha kitambaa, hurudi nyuma, huonyesha tena upande wa pili, mpaka lenyewe linyanyue mguu. Likishanyanyua mguu, mchezo umeanza. Watu hushangilia pale dume linapokosa shabaha, lakini kazi ilifanyika kabla, kwenye ule mguu wa kwanza.

Timu iliyopaki basi ni dume lililosimama. Mabeki wanne au watano, viungo wanne mbele yao, na baina ya mistari hiyo miwili nafasi ambayo hata mkeka hautoshi kutandikwa. Haina haja na mpira. Inataka kitu kimoja tu: kila mtu abaki pake. Basi mshambuliaji wa kufaa mbele ya timu kama hiyo ni yule anayemlazimisha mtu mmoja kuondoka pake, na kwa ninavyoona mimi, wako wa namna nne.

Wa kwanza ni mwenye shuti la mbali. Zanzibar imewahi kuwa na Abdi Kassim "Babi", na waliomwona wanakumbuka mguu wake zaidi ya kitu chochote. Faida ya mtu kama huyo haipimwi kwa mabao ya umbali wa mita 25 tu. Beki anayejua kwamba huyu akiachiwa atapiga, hana budi kutoka kumzuia, na akitoka ameacha mlango nyuma yake. Ndiyo maana Feisal Salum, Fei Toto wetu, ni mchezaji mzito kuliko hesabu za mabao zinavyoonyesha. Msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 katika Ligi Kuu, mawili nyuma ya Stephane Aziz Ki aliyeongoza kwa 21. Msimu uliofuata alifunga manne tu. Mtu anayesoma orodha ya wafungaji peke yake angesema kijana amekwisha. Lakini msimu huohuo alitoa pasi 13 za mabao. Mimi naona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Mabeki waliotishwa na yale 19 walimwendea yeye, naye akawapelekea mpira wale walioachwa nyuma yao.

Wa pili ni mwenye mguu wa mpira uliokufa. Hili tulifundishwa kwa uchungu, kwa sababu siku hiyo waliopaki basi tulikuwa sisi. Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast, Tanzania na Zambia mjini San Pedro. Simon Msuva alitupatia bao mapema, kisha kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akaonyeshwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili tulikaa nyuma, kila mmoja pake, na dume letu halikunyanyua mguu. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka, akasawazisha kwa kichwa. Mpigaji wa kona alikuwa Clatous Chama, yuleyule tuliyemzoea akiwa na Simba. Kona ina jambo moja ambalo mchezo wa kawaida hauna: inawaondoa mabeki wote kwenye mistari yao kwa amri ya refa. Mwenye kuweka mpira pale anapotaka haitaji kumtoa mtu, wamekwisha kutolewa.

Wa tatu ni anayetoka nyuma. Mabeki wamehesabu: wao wako watatu mbele, mmoja hapa, mmoja pale. Hesabu imetimia. Anapotokea wa nne ambaye hakuwemo, mtu mmoja lazima achague amwache nani. Hilo ndilo jibu la swali la mzee wa Wete. Wa kumkaba Kapombe alikuwapo uwanjani. Alikuwa ameshapewa mtu mwingine wa kumtazama. Na Januari 4, 2026 kule Rabat, tulipowazuia Morocco zaidi ya saa nzima katika hatua ya 16 bora, bao pekee la Brahim Díaz la dakika ya 64 lilitokana na pasi ya Achraf Hakimi, beki wa kulia aliyekuwa amepanda.

Najua mtu ataninyooshea kidole hapo: Díaz si ndiye mwenye chenga? Ndiye. Sisemi chenga ni bure. Nasema tunaithamini kwa sababu isiyo sahihi. Chenga nzuri mbele ya basi ni ile inayomfanya mtu wa pili aje kusaidia, na mpira ukaachiwa wakati huohuo, kwa sababu mtu wa pili akija ametoka mahali. Winga anayewapita wawili na bado anamtafuta wa tatu anawapa wapinzani nafasi ya kujipanga upya. Ndivyo tulivyokuwa tukimshauri yule wa banda la Wete, kwa sauti za watu mia. Siku kumi baada ya Mauritania tulicheza na Jamhuri ya Afrika ya Kati, timu iliyokuwa imepoteza mechi zake zote tatu, tukatoka sifuri kwa sifuri. Kwa haki, tulikuwa tumeshafuzu na kikosi kilibadilishwa. Hata hivyo, mtu aliyetaka kuamini kwamba wanyonge hufunguka wenyewe ukiwazingira kwa muda, alipata jibu lake.

Wa nne ndiye ninayetaka kumzungumzia hasa, na siwezi kumzungumzia bila kujisema mwenyewe.

Kwa misimu kadhaa nilikuwa katibu wa timu moja ya kijiji huku kaskazini ya Pemba. Kazi yangu ilikuwa daftari. Nililichora mistari mwenyewe: tarehe, mpinzani, matokeo, mfungaji, dakika. Baadaye, nilipojiona nimeendelea, nikaongeza safu ya mtoa pasi. Tulikuwa na kijana mmoja wa mbele, mwembamba, mkimbiaji. Alikuwa na desturi iliyotuudhi. Mpira ukiwa upande wa kulia, yeye anakimbilia kushoto kwenye kona, mbali kabisa na goli, huku mkono umenyanyuliwa kama anayeita. Mpira haukumfika. Beki wa kati wa wapinzani alimfuata kila mara, kwa sababu hakuna beki anayependa mtu akimbie nyuma ya mgongo wake, na katika njia ile iliyobaki wazi mwenzake alipita akafunga. Mwenzake nilimwandika, na mtoa pasi nikamwandika. Yule wa kona sikumwandika, kwa sababu hakuwa ameugusa mpira.

Siku moja alikuja mtu kutoka timu kubwa zaidi kutafuta vijana. Hakuwa na muda wa kutazama mechi tatu; aliniomba daftari. Nilimpa kwa fahari, hati safi, mistari imenyooka. Akaandika majina mawili akaondoka. Walioandikwa walistahili. Lakini msimu uliofuata, bila ya wale wawili, tulidhani tumebaki na kijana asiyefunga, akawekwa benchi, na sisi tukaanza kutoka suluhu na timu tulizokuwa tukizifunga. Tulilaumu uwanja na refa. Tulifika mpaka kulaumu mvua.

Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba daftari langu halikuwa kumbukumbu tu. Lilikuwa hukumu. Na hukumu hiyo kwetu ina uzito kuliko kwengine, kwa sababu kijana wa Pemba haonekani kwa urahisi. Ili atazamwe lazima avuke bahari, au bahati ivuke imfuate, kama Januari 2025 ambapo fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa Gombani, na Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1. Siku kama hizo ni za kuhesabu. Siku nyingine zote, kinachovuka ni maneno: nani kafunga mangapi. Tukiwa na msamiati wa wafungaji na wapiga chenga peke yao, hao ndio watakaopanda boti, na timu zetu kubwa zitaendelea kukusanya watu wa kumaliza kazi huku zikishangaa kwa nini kazi haianzi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wachambuzi, na nimo miongoni mwao, ni dogo. Bao likifungwa dhidi ya timu iliyojaza watu nyuma, tusianze na mfungaji. Turudi sekunde tano. Tumtafute beki aliyeondoka pake, tuseme nani alimwondoa. Huenda ni shuti ambalo halikupigwa. Huenda ni mtu aliyekuwa kwenye kona nyingine, amenyanyua mkono, akijua wazi kwamba mpira hautamfika.

Yule kijana sasa ni mtu mzima, anavua, na Ijumaa jioni bado anacheza na wenzake wa rika lake. Mwaka jana nilimwambia yote haya, na nikamwomba radhi kwa lile daftari. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kulalamika kwamba hatumwoni.

Akacheka. "Ningelalamikia nini, Katibu?" akasema. "Goli si lilikuwa linaingia?"