Nani Aliye Jirani? Hukumu na Upendo katika Filamu ya Watu Wote

Utangulizi

Hoja ya kumpenda jirani ni kongwe katika mafundisho ya Kikristo, na kwa ukongwe wake imekuwa nyepesi mno kutamkwa. Ni nadra kusikia mahubiri yasiyoigusa. Ugumu wake hujitokeza pale tu jirani anayetajwa anapokuwa mtu ambaye waumini wamekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa. Katika jiji la Nairobi, mahali panapofaa sana kuuchunguza ugumu huo ni mtaa wa Eastleigh, ambako Msomali Mwislamu na Mkristo aliyetoka bara hukutana kila siku dukani, kituoni na ngazini, na ambako mnara wa msikiti na msalaba wa kanisa huonekana kutoka dirisha moja.

Makala haya yanakusudia kuihakiki filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017. Iliongozwa na Katja Benrath kama kazi ya kuhitimu masomo katika chuo cha Hamburg Media School, Ujerumani. Wahusika wake huzungumza Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 filamu ilikuwa miongoni mwa zilizopendekezwa kupata tuzo ya Oscar katika fungu la filamu fupi. Imesifiwa sana, na sifa nyingi inazistahili. Swali linaloulizwa hapa ni hili: je, kazi hii inamfundisha mtazamaji Mkristo kumpenda jirani, au inamfundisha tu kumshukuru yule aliyemfia?

Mazingira ya kazi

Haifai kuihakiki kazi hii bila kuyataja mazingira yaliyoizaa. Tarehe 30 Septemba 2012 guruneti lilitupwa katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Polikarpo, kando ya barabara ya Juja, karibu na Eastleigh. Waliolengwa walikuwa watoto waliokuwa katika mafundisho ya Jumapili, na mtoto mmoja alifariki. Baada ya hapo Wasomali wa jirani walishambuliwa na watu wenye hasira. Tarehe 18 Novemba mwaka huo huo matatu ililipuliwa Eastleigh, na kesho yake ghasia zikazuka, maduka yakavunjwa. Tarehe 22 Novemba 2014 wasafiri 28 wasio Waislamu walitolewa katika basi lililotoka Mandera wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa upande mwingine, mwezi Aprili 2014 serikali iliendesha msako ulioitwa Usalama Watch, ambapo maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani.

Hofu ya Mkristo, basi, haikuwa ya kubuni. Mhakiki anayeusahau ukweli huo atawaonea Wakristo. Lakini yule anayekomea hapo atawaonea majirani zao. Kosa la kimaadili halimo katika kuogopa. Limo katika hatua inayofuata, pale tendo la muuaji linapohamishwa kutoka kwa muuaji na kutwikwa kila mtu asaliye kama yeye alivyodai kusali.

Hatua hiyo imeacha alama katika lugha. Katika mitaa ya Nairobi, Msomali huitwa kwa dhihaka "walalo" au "waria". Neno la kwanza limetokana na neno la Kisomali walaal, lenye maana ya ndugu. La pili limetokana na mwito anaoitwa nao mwanamume. Wapita njia waliwasikia Wasomali wakiitana ndugu, wakaliokota neno, wakaligeuza kuwa jina la kumtengea mtu huyo huyo. Mwenye kulitamka kwa dharau humwita mwenzake ndugu bila kujua. Zaidi ya hayo, Mkristo huyo anapoungama dhambi, anapoomba toba, anapotoa sadaka na kushukuru kwa neema, hutumia maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambayo Mwislamu hutumia vile vile. Lugha imekwisha kuwaweka katika nyumba moja. Nyoyo ndizo zilizobaki nje.

Muhtasari wa kisa

Filamu inasimulia tukio la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera lilishambuliwa na wapiganaji wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Wapiganaji walitaka abiria wajitenge, Waislamu upande huu na Wakristo upande ule. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi yao waliwapa wenzao Wakristo mavazi ya kujisitiri ili wasitambulike, na wakawaambia wauaji kwamba wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, na akafariki mwezi Januari 2016 alipokuwa akitibiwa.

Wasanii wamechagua kukisimulia kisa hicho kupitia kwa Jua, mwanamke Mkristo aliyepoteza mume na mtoto kwa mikono ya magaidi. Jua anasafiri katika basi lililojaa Waislamu, na chuki yake haifichiki. Salah Farah ni abiria mwenzake. Wauaji wanapolisimamisha basi, wale ambao Jua amewahukumu moyoni ndio wanaomficha.

Majina na maana yake

Jina la mhusika mkuu lina uzito. Jua ni mwanga wa mchana, lakini pia ni amri itokanayo na kitenzi kujua. Anayeitwa Jua ndiye asiyewajua wenzake. Anawaona, ila anachokiona ni sura ya wauaji wa mumewe. Hapa filamu inaungana, pengine bila kukusudia, na mapokeo ya fasihi ya Kiswahili ya kumpa mhusika jina lenye kubeba dhamira. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa na Majivuno, na majina yenyewe yanamwonyesha msomaji nani aliye upande wa haki. Tofauti ni kwamba Karama anapewa nafasi ndefu ya kujitetea mbele ya mfalme na baraza lake. Waislamu wa basini hawakupewa nafasi hiyo na Jua. Utetezi wao ulikuwa miili yao.

Jina la filamu nalo linastahili kuangaliwa. Kwa Kiingereza filamu huitwa All of Us, na tafsiri iliyo karibu zaidi ya maneno hayo ingekuwa "Sisi Sote". Jina la Kiswahili ni Watu Wote. Kutoka nafsi ya kwanza tumehamia nafsi ya tatu. "Sisi sote" ni kauli ya msemaji aliyejitia ndani ya kundi. "Watu wote" ni kauli inayoweza kutamkwa na mtu aliyesimama kando. Huenda jina lilichaguliwa kwa ajili ya wepesi wake, na halina kosa la sarufi. Lakini pengo lililopo kati ya majina hayo mawili ndilo pengo ambalo Jua anatakiwa kulivuka. Wengi hukiri bila shida kwamba watu wote wameumbwa na Mungu. Ugumu huanza pale mtu anapotakiwa kusema "sisi" na kumhesabu humo jirani wa Eastleigh.

Maudhui

Nguvu ya filamu hii inatokana na jinsi inavyoufuata, katika mazingira ya Kenya, mfano wa Msamaria ulio katika Injili ya Luka. Mwanasheria wa mfano ule aliuliza jirani yake ni nani. Alitaka apewe mpaka, ajue ni wapi wajibu wake unapokoma. Hakupewa mpaka. Mwishoni yeye ndiye aliyeulizwa ni nani aliyejifanya jirani wa yule majeruhi, na jibu likawa mtu wa kundi lililodharauliwa kwa imani yake.

Wahubiri wengi hulieleza somo hilo kana kwamba Mkristo ndiye Msamaria, na wengine ndio majeruhi wanaongoja huruma yake. Watu Wote inamrudisha Mkristo mahali penye uchungu zaidi: yeye ndiye aliyelala njiani, na anayemwinua ni yule aliyemdharau. Hapo ndipo hukumu inapovunjika. Anayetoa msaada aweza kubaki na kiburi chake; anayeupokea kutoka kwa mtu aliyemhukumu hawezi. Katika jambo hili filamu imefaulu, nayo imefaulu kwa fani, si kwa mahubiri: ufinyu wa basi unawalazimisha watu waliokwepana wakae bega kwa bega.

Upungufu

Hata hivyo, kazi hii ina upungufu wa namna mbili.

Kwanza, Jua amepewa msiba. Kwa kumpa msiba, wasanii wameipa hukumu yake sababu ambayo mtazamaji yeyote ataielewa na kuisamehe. Lakini hukumu iliyozoeleka mitaani kwa kawaida haina msiba nyuma yake. Ni ya abiria anayebadili kiti kwa kuona buibui. Ni ya mwenye nyumba anayekataa mpangaji kwa jina lake tu, na ya muumini anayesema baada ya ibada kwamba "hao wote ni wale wale". Watu hawa hawakufiwa na mtu mkononi mwa magaidi. Wakimtazama Jua watalia pamoja naye, kisha watakwenda nyumbani bila kujiona katika kioo.

Pili, Salah Farah wa filamu ni mhusika bapa: hana doa. Mtu halisi alistahili heshima yote aliyopewa, wala makala haya hayakusudii kuipunguza. Lakini kisanaa, kumkabili mtazamaji na Mwislamu mwema kupindukia ni kumrahisishia kazi. Mwenye duka wa Eastleigh asiyepunguza bei, jirani anayepiga kelele usiku, kijana asiyetaka mazungumzo na Wakristo: hao nao ni jirani. Je, nao wapendwe, au wangoje mpaka wafe kwa ajili ya mtu? Upendo unaosubiri ushahidi wa wema bado ni hukumu. Kilichobadilika ni kwamba mshtakiwa ameachiliwa. Filamu inamtoa Mwislamu kizimbani kwa kuonyesha kwamba hana hatia. Mafundisho ya Kikristo yanadai jambo gumu zaidi, yaani Mkristo aondoke katika kiti cha hakimu.

Yaweza kujibiwa kwamba filamu ya dakika zipatazo ishirini haiwezi kubeba mzigo wote huo, na kwamba msanii hawezi kulaumiwa kwa ukweli wa tukio. Jibu hilo lina haki yake. Lakini tukio ni moja, na njia za kulisimulia ni nyingi. Laiti mtazamaji angepewa Mkristo asiye na msiba, mwenye mazoea tu ya kudharau, dhamira ingemchoma mahali ambapo sasa inamliwaza.

Kielelezo kingine

Kwamba kuna njia nyingine kunaonyeshwa na kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1980, Islam and Christianity. Waandishi wake ni Badru Kateregga, Mwislamu wa Uganda, na David Shenk, Mkristo wa Kimennonite aliyeishi Eastleigh miaka ya 1970. Wote wawili walikuwa wakifundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki. Muundo wa kitabu ndio unaohusu makala haya. Kateregga anaieleza imani yake mwenyewe, na Shenk anajibu. Kisha Shenk anaieleza yake, na Kateregga anajibu. Hakuna anayemsemea mwenzake. Tofauti zao hazifichwi, na mwishoni kila mmoja anabaki na dini yake.

Kitabu hicho hakina machozi wala risasi, wala hakikutengenezwa kwa ajili ya tuzo. Lakini muundo wake unafanya kile ambacho filamu haikukifanya: unampa jirani sauti akiwa hai, na unamtaka Mkristo amsikilize kabla ya kuwa na deni lolote kwake. Katika Watu Wote Mwislamu anasikika kikamilifu anaposimama mbele ya bunduki. Kwa Kateregga na Shenk anasikika mezani.

Hitimisho

Watu Wote ni kazi inayofaa kutazamwa na kufundishwa. Imeihifadhi kumbukumbu ya watu waliokataa kutengwa, na imeuweka mfano wa Msamaria juu ya barabara ya Mandera kwa namna ambayo mahubiri mengi hayajaiweza. Mwalimu atakayeitumia darasani asiwaache wanafunzi waishie katika huzuni ya mwisho wake. Awaulize Jua atasema nini siku atakaporudi Nairobi, ateremke Eastleigh, na akutane na Msomali asiyemwokoa na chochote, aliyemkanyaga tu mguu katika msongamano wa kituoni.

Maneno hukumu, hakimu na hekima yana mzizi mmoja katika Kiarabu. Kiswahili kimeyapokea yote matatu, na katika matumizi ya kila siku yameachana mbali: wanaopenda kutoa hukumu ni wengi kuliko wanaosifiwa kwa hekima. Uhakiki wa kazi kama hii unaweza kuyakutanisha tena, mradi mhakiki naye akumbuke kwamba mtazamaji anayemhukumu Jua kwa ubaya wa moyo wake amekwisha kuingia katika kosa lile lile la Jua.