Zawadi za Sultani wa Kilwa

Kila tunapotaka kuonyesha kwamba pwani yetu ilikuwa ndani ya dunia ya Kiislamu tangu kale, tunamwita Ibn Battuta atoe ushahidi. Anafaa. Alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na Rihla yake, iliyoandikwa na Ibn Juzayy na kukamilika mwaka 1355, ni simulizi ya mtu aliyekula na kulala kwa wenyeji. Mogadishu anakumbuka ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa anakumbuka misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima milangoni ambapo watu huosha miguu kabla ya kuingia. Hapo ustaarabu si orodha ya wafalme, ni mazoea ya kila siku. Nayo hayakuwa mageni: huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbuaji wamekuta mabaki ya msikiti mdogo wa miaka ya 700.

Ugumu unaanza Kilwa. Sultani al-Hasan ibn Sulayman anasifiwa kwa ukarimu. Fukara kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa, baada ya Swala ya Ijumaa. Sultani anazivua na kumpa. Mwanawe anazikomboa kwa watumwa 10. Baba anaposikia, anaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kama simulizi, kisa hiki kimejengwa vizuri: kila hatua inaipita iliyotangulia. Lakini watu 20 wamepita mbele yetu bila jina wala uso, wamehesabiwa sambamba na pembe. Msimulizi aliyeona hata kisima cha Mombasa hakuwaona hawa. Hasemi walitoka wapi. Anasema tu, katika maelezo yayo hayo, kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za jirani wasio Waislamu na kutenga khumsi, yaani sehemu ya tano ya ngawira. Mambo hayo mawili yanakaa karibu, naye hayaunganishi.

Wengi wetu tunanukuu visima na kuruka watumwa. Wengine wananukuu watumwa ili kuubeza Uislamu wote wa pwani. Wote wanasoma nusu. Rihla inatupa mji uliokuwa na wanazuoni, biashara na ukarimu wa kweli, na inatupa pia gharama ya ukarimu huo, iliyolipwa na watu wengine. Tukiifundisha, tuifundishe na hao 20 wakiwa ndani.